Swali Si Mti Gani, Swali ni Maji Yapite Wapi

Ndugu wasikilizaji, sitaanza na sifa za mbao. Mnazijua, ndiyo maana mmekuja. Kila anayetaka kujenga ukumbi wa jamii msituni au kando ya ziwa hunijia na swali lilelile: tutumie mti gani? Nami humuuliza: maji yatapita wapi? Nimelisema hili kila nilipopewa nafasi ya kusema, na nitaendelea, kwa sababu majengo bado yanaoza.

Tuanze na mguu wa nguzo. Nguzo inasimikwa, zege linamiminwa kuizunguka, watu wanapiga picha. Mbao ikisinyaa, pengo la milimita moja au mbili linabaki kati yake na zege. Mvua inateremka ubavuni mwa nguzo, inaingia pengoni, haina pa kutokea. Mmeijengea nguzo kikombe, nayo imesimama ndani yake mwaka mzima. Tena imesimama kwa ncha iliyokatwa, ambako mishipa ya mti iko wazi na maji hunyonywa haraka kuliko ubavuni. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji na hewa kwa pamoja. Unyevu wa mbao ukikaa chini ya asilimia 20, hawaoti. Mbao iliyozama kabisa kwenye tope nayo hudumu, kwa kuwa hewa haifiki; ndiyo maana magogo yaliyo chini ya majengo ya Venice, mji wa Italia uliojengwa majini, yamebeba mzigo kwa karne nyingi. Hatari kubwa iko usawa wa ardhi, maji na hewa vinapokutana. Chukua bisibisi, ichome nguzo hapo. Ikiingia bila kutumia nguvu, nguzo imekwisha, hata kama rangi inang'aa kuanzia kiunoni kwenda juu.

Tazameni Japani. Pagoda, yaani mnara wenye mapaa kadhaa yaliyopandana, ya hekalu la Horyuji ni miongoni mwa majengo ya mbao makongwe kuliko yote duniani, ina zaidi ya miaka 1,300. Nguzo yake ya katikati ilifukiwa ardhini, na sehemu ile iliyofukiwa ilioza ikaacha shimo tupu. Sehemu ya juu, iliyofunikwa na mapaa mapana, ingali imesimama. Nguzo ileile moja! Mnataka ushahidi gani zaidi? Norwe nako makanisa ya mwanzo ya mbao yalichimbiwa nguzo ardhini, yakaoza. Mafundi waliofuata wakaziinua nguzo juu ya boriti zilizolala kwenye mawe, na kanisa la Urnes, la karne ya 12, lipo hadi leo.

Najua kuna atakayesema: mbona Ise, hukohuko Japani, nguzo za hekalu kuu zinachimbiwa moja kwa moja ardhini? Ni kweli. Lakini Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na ilikuwa ya 62. Wana msitu unaotunzwa kwa ajili ya kazi hiyo, na mafundi wanaorithishana ujuzi. Kama jamii yenu ina msitu, mafundi na ahadi ya namna hiyo, chimbieni. Kama hamna, inueni nguzo juu ya kiatu cha chuma, yaani kishikio kinachoubeba mguu wake, ncha yake iwe juu ya ardhi sentimita 30 hivi, ili hata matone yanayoruka kutoka chini yasiifikie, na upepo upite chini yake.

Mwingine atasema tutapaka dawa. Pakeni. Ila fundi akishaikata nguzo iliyotiwa dawa kiwandani ili ikae sawa, ameifungua sehemu ya ndani ambayo mara nyingi dawa haikuifikia. Halafu ncha hiyohiyo ndiyo anayoielekeza chini! Dawa haiwezi kurekebisha mchoro mbovu.

Nimetumia muda mrefu hapo, na ningetumia mrefu zaidi, kwa sababu huo ndio uendelevu wenyewe. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Mti uliokua miaka 60, ukioza ukutani ndani ya miaka 10, kaboni ile inarudi hewani na mnakwenda kukata mwingine. Jengo lidumu angalau muda ambao mti ulichukua kukua. Likishindwa hilo, msiliite rafiki wa mazingira.

Kuhusu ukubwa wa vipande vya mbao, someni kanisa dogo la Thorncrown, Arkansas, Marekani, lililokamilika 1980. Msanifu wake, E. Fay Jones, aliamua kwamba kipande kisizidi kile ambacho watu wawili wanaweza kukibeba kwa njia ya msituni. Hapakuwa na haja ya kufyeka msitu ili kupitisha mitambo mizito. Faida nyingine inasahaulika: kipande kinachobebwa na watu wawili kinaweza kubadilishwa na watu wawili. Fungeni kwa boliti, na boliti zifikike.

Moto: boriti nene huungua kwa mwendo wa takriban milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa unaofanyika nje huikinga sehemu ya ndani. Nene, nasema, vijiti vyembamba ni habari nyingine. Asili ya mbao: daini cheti cha kuonyesha imetoka msitu unaotunzwa, na daini kujua msitu wenyewe uko wapi. Mchwa na sauti ndani ya ukumbi, sina muda navyo leo.

La mwisho, majani. Mnataka ukumbi uliokumbatiwa na miti, sawa, lakini matawi yasiguse paa wala mimea isiegemee ukuta, maana ukuta usiopata upepo haukauki. Majani yakiziba mfereji wa paa, maji yanafurika yakirudi kwenye mbao zilezile mlizozilinda kwa gharama kubwa. Kabla hamjasaini mkataba wa ujenzi, andikeni nani atapanda kuusafisha, mara ngapi kwa mwaka, kwa ngazi ipi, na kwa fedha za fungu gani. Kamati isiyoweza kujibu hayo manne haijawa tayari kujenga. Naona mikono imeinuliwa, tuanze na wa nyuma kule.