Kanuni Zisizotamkwa: Matarajio Katika Mapenzi ya Jinsia Moja

ZAWADI: Karibuni tena. Leo tunazungumzia matarajio katika mahusiano ya wapenzi wa jinsia moja, na naanza na swali ambalo wengi wao wamechoka kuulizwa: kati yenu, nani mwanamume?

JUMA: Anayeuliza hivyo anaamini lazima mmoja apike na mwingine alipe kodi. Lawrence Kurdek, mwanasaikolojia Mmarekani, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Alikuta wapenzi wa jinsia moja wanagawana kazi za nyumbani kwa usawa kuliko mke na mume. Wanawake wawili huelekea kushirikiana kazi ileile. Wanaume wawili, kila mmoja hushika zake, huyu jikoni, yule kufua, mradi mzigo ulingane.

ZAWADI: Lakini mtoto akija, kaka, mambo hubadilika. Mwaka 1995 Charlotte Patterson, naye mwanasaikolojia Mmarekani, alichapisha utafiti wa familia zenye mama wawili. Kazi za nyumbani walizigawana sawa, ila aliyezaa ndiye aliyemlea mtoto zaidi, na mwenzake akatumia saa nyingi zaidi kwenye ajira.

JUMA: Ndiyo maana siwakubalii wanaosema wapenzi hawa hawana kanuni. Wanazo, ila hazitamkwi. Chukua uaminifu. Tangu 1983 wanasosholojia Wamarekani Philip Blumstein na Pepper Schwartz walionyesha kwamba wanaume wapendanao ndio waliokuwa mbele katika kukubaliana kuwa kutoka nje kunaruhusiwa. Sasa kijana anayetaka mpenzi mmoja tu anaonekana mshamba.

ZAWADI: Na anayetaka uhusiano wa wazi, yaani unaoruhusu wapenzi wengine, anaambiwa anawaaibisha waliopigania ndoa. Ndoa yenyewe bado changa! Uholanzi ndiyo iliyotangulia kuiruhusu, 2001. Wazee wao walipendana bila hata kuiwazia.

JUMA: Mimi nasema wakae chini, waulizane. Kimya ndicho kinachovunja.

ZAWADI: Linaloniuma zaidi ni kujitokeza, yaani kuwaambia ndugu na jamaa kwamba unampenda mtu wa jinsia yako. Mmoja anajulikana kwao. Mwingine, simu ya mama ikiita, anatoka chumbani kuipokelea nje. Ndugu wakija, mpenzi anakuwa "rafiki tunayeishi naye". Anayefichwa anaumia kweli, na maumivu yake si deko. Ila kumwambia mwenzio "kama unanipenda, waambie" ni kumtaka ahatarishe makazi, ada, hata usalama wake.

JUMA: Kwa hiyo avumilie tu?

ZAWADI: Hapana. Ana mambo ya kudai. Jina lake liandikwe hospitalini kuwa ndiye wa kupigiwa simu. Awepo ndugu mmoja anayejua ukweli. Na mwenzake asibuni mchumba wa uongo mbele yake. Hayo yanawezekana hata pale ambapo kutangaza hakuwezekani.

JUMA: Na muda je, dada? Miaka ikipita hivyohivyo, naona ana haki ya kusema amefika mwisho.

ZAWADI: Anayo, aseme na aondoke. Kumtangaza mwenzake hana haki, hata wakiachana kwa ugomvi.

JUMA: Hapo sina pingamizi. Na wengi wao hubaki marafiki baada ya kuachana, duara lao ni dogo, kwa hiyo siri hiyo huendelea kuwa mikononi mwa mtu wanayekutana naye kila mara.

ZAWADI: Wasikilizaji, tuandikieni: kabla ya kuhamia pamoja, mliulizana nini, na kipi mlikiogopa kukiuliza?