Kana na Usukani: Majina ya Vishikio vya Rubani

Walimu wenzangu, marubani mlioacha mapumziko yenu kuja hapa, na ninyi wanafunzi wa urubani: nawashukuru kwa kuitika mwaliko.

Kuna kosa ninalokutana nalo kila mwaka. Mwanafunzi ameketi kiti cha kushoto cha Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, injini inanguruma, ndege inatambaa kuelekea njia ya kurukia, na mstari wa manjano unaanza kumponyoka upande wa kulia. Namwambia arudi kwenye mstari, naye anazungusha kwa nguvu kile kilicho mbele ya kifua chake kama dereva anayekata kona. Ndege haimsikii, inazidi kwenda kushoto, kwa sababu ikiwa ardhini huongozwa kwa miguu, kwa kukanyaga pedali. Kwa muda mrefu nililaumu mazoea ya gari. Sasa naamini kwamba sehemu ya lawama ni yangu, maana siku ya kwanza darasani ni mimi niliyemwambia kwamba kitu kile kinaitwa usukani.

Usukani ni neno la bahari. Katika jahazi, usukani ni ule ubao mpana uliofungwa tezini, ambao sehemu yake kubwa imezama majini, na mpini unaoshikwa na mkono una jina lake mbali: kana. Mabaharia wetu walitenganisha kinachoshikwa na kinachoendeshwa, na hawakuwahi kuona kuwa wanajisumbua. Hata neno rubani tumelipokea kutoka kwao, kwani lilikuwa jina la mwongozaji wa vyombo baharini kabla hajaitwa hivyo mtu wa angani. Sisi tulilichukua jina la ubao wa tezini tukalitundika kwenye kishikio cha mikononi, kisha tukaliacha libaki pia kwenye ubao uliosimama mkiani mwa ndege, unaoendeshwa kwa pedali. Matokeo yake ni kwamba fundi akiandikiwa kuwa "usukani ni mzito", hawezi kujua kama rubani analalamikia mikono au miguu, na hayo ni matengenezo mawili tofauti kabisa.

Lugha nyingine nazo zimepita katika ubishi wa namna hii. Wafaransa, ambao walikuwa mbele sana katika miaka ya mwanzo ya urubani, wanakiita kishikio kile mpini wa ufagio. Wajerumani wanakiita rungu la kuongozea. Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, fimbo aliyoishika ilikuwa na gurudumu dogo juu yake, lakini gurudumu lile halikuzunguka. Lilikuwa pahali pa kushika tu: fimbo nzima ililazwa mbele au nyuma, kushoto au kulia. Mtu aliyeitazama kwa mbali angeapa kwamba ni usukani wa gari. Ndiyo maana siamini jina linalotokana na umbo peke yake.

Marubani wa Kimarekani wanapenda kusema yoki, yaani nira, kama ile ya ng'ombe. Waingereza wengi wanasema nguzo. Vitabu vya ndege za Boeing vinakwenda mbali zaidi: nguzo ni ile inayosukumwa na kuvutwa ili pua ishuke au ipande, na gurudumu ni lile lililo juu yake, linalozungushwa ili bawa moja lilale. Wako wanaouona utenganisho huu kuwa urasimu. Mimi nauona kuwa ni hekima ileile ya kana na usukani, kwa sababu kila jina linabeba kazi moja. Kisha ikaja Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, ikiwa na fimbo fupi pembeni ya kila rubani, na mbele ya kifua hapana kitu ila meza ya kukunjua.

Ubishi mkali kuliko wote, hata hivyo, ni wa kishikio cha mkono wa pili, kile kinachoongoza nguvu ya injini. Wakongwe wanasema throtoli. Neno hilo kwa asili ni la kukaba koo, na katika injini ya pistoni ni sahihi kabisa, kwa kuwa kishikio hicho hufungua na kubana njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Injini ya jeti haina koo la kukabwa hivyo. Kishikio chake kinaagiza msukumo, na vitabu vinakiita wenzo wa msukumo. Katika Cessna Caravan, ambayo wengi wenu mtaanzia kazi, kuna wenzo wa nguvu, wa rafadha (panga boi), wa hali ya mafuta, na mwingine wa nguvu ya dharura, yote imepangwa bega kwa bega. Ukivuta ule wa mafuta hadi mwisho, injini inazimika. Mwenzako akikuambia tu "vuta wenzo", atakuwa hajakuambia kitu.

Katika A320 tofauti inazidi kuonekana. Baada ya kuruka, rubani huweka wenzo kwenye kituo cha kupandia na kuuacha pale. Kompyuta hupandisha na kushusha msukumo huku wenzo wenyewe hausogei hata kidogo. Katika Boeing 737 wenzo husogea pamoja na msukumo, na mkono unahisi. Aliyezoea kuuita throtoli anatarajia kwamba mahali ulipo ndipo nguvu ilipo, na akihamia Airbus itambidi alisahau tarajio hilo.

Nakiri kwamba jina halitoshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Kimarekani waliokwisha kutua salama walikuwa wakikunja magurudumu badala ya flapi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kwa sababu swichi zake zilifanana na zilikaa pamoja. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipendekeza kishikio cha magurudumu kiwekewe gurudumu dogo, na cha flapi kiwekewe umbo la kabari. Hadi leo kanuni za ndege kubwa zinadai maumbo ya namna hiyo, ili kidole kitambue hata gizani. Lakini kabla ya kugusa, kidole hutumwa na neno.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ndani ya ndege, jina la kutumia ni lile lililoandikwa katika kitabu cha ndege ile, hata kama hulipendi. Darasani, tunapofundishana kwa Kiswahili, naomba usukani urudi mkiani, kwenye ubao unaoendeshwa kwa pedali, na kinachoshikwa mikononi tukiite kana, iwe fimbo au yoki. Nimeanza kufanya hivyo na kundi la sasa. Juzi mwanafunzi wangu aliona mstari wa manjano unamponyoka. Mikono yake ilitulia juu ya kana, na nikausikia mguu wake wa kulia ukikanyaga.