Anza na Kazi, Ndipo Ufike kwenye Giaboksi: Mhadhara kuhusu PTO ya Lori

Ndugu mafundi, na ninyi madereva mlioketi kule nyuma, nawasalimu.

Mlitarajia nianze na giaboksi. Naanza na pampu, kwa sababu makosa mengi ya PTO, kile kifaa kinachochukua nguvu ya injini kupitia giaboksi ili kuendesha pampu, niliyoyakuta yalianzia hapo. Mtu ananunua PTO inayoingia kwenye tundu la ubavuni mwa giaboksi, anaifunga, halafu ndipo anatafuta pampu. Huko ni kwenda kinyumenyume. Kwanza ujue kazi.

Tuseme una kreni ya lori inayotaka lita 80 za oili kwa dakika, kwa shinikizo la baa 200. Zidisha lita kwa baa, gawa kwa 600. Utapata kilowati 26.7 hivi, kabla hujahesabu zinazopotea njiani. Pampu inayosukuma sentimita za ujazo 80 kila mzunguko itatoa lita hizo ikizunguka mara 1000 kwa dakika. Sasa chukua kilowati zako, zidisha kwa 9550, gawa kwa ile 1000: nyutoni-mita 255. Hiyo ndiyo nguvu ya kusokota ambayo PTO lazima iimudu.

Na je, itaimudu kwa muda gani? Tipa huinua bodi dakika moja au mbili, ikashusha, imemaliza. Lori la kunyonya maji taka hukaa linanguruma muda mrefu, limesimama, hakuna upepo wa kupooza giaboksi. Kwa kazi ya mfululizo, kanuni inayotumika sana ni kuhesabu asilimia 70 tu ya uwezo ulioandikwa. Kwa hiyo zile 255 zikiwa za kazi ndefu, tafuta PTO ya nyutoni-mita 365 au zaidi. Nawasihi msiipuuze hesabu hii. Ni ya dakika tano, na giaboksi ni mali ya mtu.

Sasa uwiano. PTO ya asilimia 125 maana yake injini ikizunguka 800, PTO inazunguka 1000. Vizuri, kreni yetu imepata lita zake na injini inakwenda taratibu. Lakini dereva akikanyaga mafuta hadi 1600, pampu inafika 2000, mara mbili ya ile tuliyoipanga. Oili inachemka, pampu inaumia, na kreni inaanza kurusha mzigo. Dereva aambiwe mapema ni mizunguko mingapi, na kibandiko kiwekwe mbele ya macho yake.

Mwelekeo wa mzunguko nao una hasara zake. Kila gia inapokutana na nyingine, mwelekeo unageuka, hivyo PTO mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuzunguka tofauti. Niliwahi kufunga pampu ya gia bila kuhakikisha hilo. Tulipowasha, shinikizo likaenda upande usiotakiwa, sili ya shafti ikatoka, na oili ikamwagika chini yote. Tangu siku hiyo naangalia mshale kwanza.

Nafasi kati ya meno ya gia ya PTO na ya giaboksi ndiyo inayomtofautisha fundi. Kwa PTO nyingi za ubavuni ni kama milimita 0.15 hadi 0.30, nawe unaipata kwa unene wa gasketi. Ikibana, utasikia mlio mwembamba kama filimbi. Ikilegea, meno yanagongana kwa kelele kavu. Msipake silikoni mahali pa gasketi: unene wake hauna kipimo, na vipande vyake vinaingia kwenye oili.

Madereva, sasa zamu yenu. Kwenye gia za mkono, shafti ya chini ndani ya giaboksi inaendelea kuzunguka hata ukiwa nyutro, mradi hujakanyaga klachi. Ndiyo maana PTO inafanya kazi lori likiwa limesimama. Basi kanyaga klachi, subiri meno yatulie, ndipo uingize. Ukisikia yanakwaruza, hukusubiri. Giaboksi za otomatiki zina taratibu zake, fuateni kitabu cha gari.

Kabla ya kuondoka, toa PTO. Tipa iliyosahauliwa inaweza kuinua bodi barabarani na kukuta daraja au nyaya za umeme. Na shafti inayotoka kwenye PTO kwenda kwenye pampu, kwa mizunguko 1000, inageuka karibu mara 17 kila sekunde. Ikishika mkono wa shati, hupati nafasi ya kupiga kelele. Mtu asiingie chini ya lori injini ikiwa inawaka, hata kama ni kukaza nati moja tu.

Ile giaboksi pale mezani nitaifunga PTO tatu kwa zamu, kila moja kwa gasketi tofauti. Njoni wawili wawili, mtikise gia kwa kidole, kisha kila mmoja aniambie ipi imebana.