Umeokoka? Majibu kwa vikaratasi vyenu

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristu! Ahsanteni. Naona wengine mmeitikia salamu zote mbili, na inapendeza.

Walioniita walitaka nihubiri. Nikawaomba badala yake wapitishe vikaratasi, kila mtu aandike linalomsumbua bila kutaja jina. Nimevisoma wakati kwaya inaimba. Vingi vinauliza jambo moja kwa sura tofauti, na hiki kimeliweka vizuri: "Mwenzangu wa chumbani ananiuliza kila siku kama nimeokoka. Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, naimba kwaya. Nimjibu nini?" Halafu kuna hiki, nadhani kimetoka kwa huyo mwenzake mwenyewe: "Kwa nini Wakristo wa madhehebu ya zamani wanasema hakuna kuokoka duniani?"

Mnacheka, lakini swali hili limegawa nyumba. Nawajua mama na binti yake wanaosali makanisa mawili, na kila mmoja anamwombea mwenzake aokoke. Upande mmoja unasema mtu ataokoka siku ya mwisho, na anayejitangaza leo kuwa ameokoka anajivuna. Upande mwingine unasema asiyeweza kutaja siku aliyookoka bado yuko gizani. Na kila upande una aya zake mkononi.

Kwanza mjue kwamba ugomvi huu haukuanzia kwenye mikutano ya viwanja vya Jangwani wala kwenye redio za siku hizi. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa jina. Wakakaa, wakasoma Biblia, wakaomba. Katika miaka ya 1930 kilichoanza pale kikaenea Rwanda, Uganda, Burundi, huku kwetu Bukoba, na Kenya, ambako mkutano wa Kabete wa 1937 unakumbukwa mpaka leo. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Hao ndio mababu wa swali la mwenzako wa chumbani.

Angalieni walivyoishi. Hawakuanzisha dhehebu, walibaki humo humo katika Uanglikana na Ulutheri, ingawa walisumbuliwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa ajili ya msimamo huo. Walikutana kila juma, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, jambo waliloliita kutembea nuruni. Watu walirudisha jembe la jirani, walirudisha fedha za mwajiri, waliomba radhi wake zao mbele ya wengine. Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo, wakakataa pia kubeba silaha za serikali, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba kutamka "nimeokoka" ni kiburi, awatazame hawa. Waliotamka neno hilo ndio waliokuwa wepesi kuliko wote kukiri makosa yao.

Lakini, na hapa nawageukia ndugu zangu waliookoka, nao walifika mahali wakaanza kupimana. Uganda likazuka kundi la waliojiona wameamka zaidi, likawaambia wenzao kwamba wamelala. Ukishaanza kupima wokovu wa mwenzako hutakosa la kupima: nywele, sketi, televisheni.

Sasa Maandiko. Paulo anawaandikia Waefeso, sura ya pili: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Limekwisha tendeka, na anawaambia watu walio hai, wanaolipa kodi. Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho kwamba neno la msalaba "kwetu sisi tunaookolewa ni nguvu ya Mungu." Hapo linaendelea. Na Bwana mwenyewe katika Mathayo 24 anasema, "mwenye kuvumilia hata mwisho, ndiye atakayeokoka." Hilo liko mbele. Ugomvi wetu umetokana na kila mmoja kuchukua aya yake na kukimbia nayo.

Nitawapa mfano mmoja tu, maana mifano mingi huchosha. Ukienda Mombasa upande wa Kisauni utakuta mahali panaitwa Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele iligongwa kuwaonya wakazi hatari ilipokaribia. Fikirini mama aliyeteremshwa pale. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na yeye hana bwana tena. Ukimwuliza kama amekombolewa, hawezi kukujibu, "Tutajua siku ya mwisho." Amekombolewa! Lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria katika pwani ile hadi 1907. Ameishi huru mahali ambapo utumwa ulikuwa bado halali, usiku akishtushwa na kengele, mchana akijifunza kufanya kazi bila kumtazama mwenye fimbo. Uhuru wake ni wa kweli na bado haujakamilika. Wala hakuna aliyemsikia akijisifu kwamba alijitoa jahazini kwa nguvu zake.

Kwa hiyo, wewe wa kwaya, mjibu mwenzako hivi: "Ndiyo, Kristo ameniokoa, ananiokoa, na namtumaini ataniokoa." Akikuuliza tarehe, mwulize Timotheo aliokoka tarehe ngapi. Paulo ana barabara ya Dameski, saa za mchana, nuru kutoka mbinguni, ushuhuda wa kujaza uwanja. Timotheo ana bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na imani iliyokaa kwanza ndani yao. Paulo hakumwambia kijana wake akatafute Dameski yake. Mwenye tarehe aishukuru. Asiye nayo asitunge.

Kikaratasi kingine: "Niliongozwa sala ya toba mara nyingi, kila mkutano. Je, ile ya kwanza haikushika?" Pole, kijana. Sala ile si mbaya, mimi mwenyewe nimeiongoza. Lakini ijue historia yake. Desturi ya kuwaita watu mbele ilipata nguvu Marekani katika miaka ya 1830, mhubiri Charles Finney alipowakalisha walioguswa kwenye benchi la mbele wakaombewe. Mitume hawakuwa na benchi. Mlinzi wa gereza la Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka, akajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka, wewe pamoja na nyumba yako." Usiku ule ule akawaosha Paulo na Sila majeraha yao, akabatizwa, akawaandalia chakula. Ukitaka kujua kama sala yako ilishika, acha kuirudia sala, mtazame uliyemwomba. Kama ni mwaminifu, alikusikia mara ya kwanza.

Ubatizo wa watoto nitaupitia haraka kwa sababu najua hatutaumaliza leo. Mimi ni Mlutheri, nilibatizwa mchanga na sioni sababu ya kurudia. Mpentekoste aliyeketi pale anaona nililoweshwa tu. Tunakubaliana angalau kwamba maji bila imani hayamfikishi mtu popote, na kwamba mnyang'anyi wa msalabani aliingia peponi bila maji.

Imani na matendo. Hapa vikaratasi vimeandikwa kwa hasira kidogo. "Yakobo anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Luther alikosea aliposema ni kwa imani peke yake?" Someni Waefeso 2 bila kusimama kwenye aya ya tisa. Aya ya nane na ya tisa zinasema ni kwa neema, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Aya ya kumi inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Yakobo anagombana na mtu anayesema anaamini na huku ndugu yake amekosa riziki ya siku. Anamkumbusha kwamba hata mashetani wanaamini, tena wanatetemeka, na sisi wengine hata kutetemeka hatutetemeki.

Jambo hili lilipasua Kanisa la Magharibi katika karne ya 16. Si wengi wanaojua kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Wakakiri pamoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba tunapewa Roho Mtakatifu anayetuita tutende mema. Mwaka 2006 Wamethodisti nao wakajiunga. Tofauti zimebaki, nami sizifichi. Lakini mwanafunzi anayemwambia Mkatoliki, "ninyi mnaokolewa kwa matendo," amechelewa kupata habari.

Zakayo ndiye mwalimu wangu hapa. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla mtu yule hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ndipo Bwana akasema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Nasikia shuhuda nyingi za watu kuokolewa kutoka umaskini. Ningependa kusikia moja ya afisa ardhi aliyeokoka akarudisha viwanja.

Na kwa kuwa nimegusa fedha: "Je, ni lazima kutoa sadaka ya kufunguliwa ili nipate wokovu kamili?" Hapana. Wala mafuta, wala maji ya chupa, wala chumvi. Simoni wa Samaria alileta fedha kwa mitume, Petro akamwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Anayekuuzia alichopewa bure, mwache na duka lake.

Hiki kinaniuma zaidi, kimeandikwa kwa mwandiko wa kutulia: "Babu zangu walikufa bila kuisikia Injili. Wako motoni?" Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Injili kufika bara ilichukua miaka mingi zaidi. Kabla ya hapo vizazi na vizazi vya watu wetu walizaliwa, wakaomba mvua, wakazika, wakafa. Nimewahi kusikia wahubiri wakiwapeleka wote jehanamu kwa sentensi moja, na wengine wakiwaingiza wote mbinguni kwa sentensi moja. Sina mamlaka ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nina maneno ya Paulo katika Warumi 2 kuhusu mataifa wasio na sheria, ambao kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kupata wokovu. Waprotestanti wengi hawafiki mbali hivyo. Mimi nasimama na Ibrahimu, aliyekuwa akiiombea Sodoma: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Na akiokolewa babu yangu, ataokolewa na Kristo yule yule, kwa maana hakuna mwingine. Wewe uliyeuliza, wewe umesikia. Swali lako mwenyewe lina jibu jepesi zaidi kuliko la babu.

Wa kurudi nyuma mko wengi. "Niliokoka, nikaanguka vibaya. Naweza kurudi?" Swali hili lilijibiwa Afrika zamani sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe dhabihu kwa miungu na apate hati ya kuthibitisha. Kule Karthago, Tunisia ya leo, Wakristo wengi walikimbilia madhabahuni, na wengine wakanunua hati bila kutoa dhabihu. Mateso yalipopungua wakarudi wakilia. Novatian wa Roma akasema Kanisa lisiwapokee tena. Wengine walitaka wapokewe siku hiyo hiyo bila kuulizwa. Askofu Kipriano na maaskofu wenzake wa Afrika walikutana 251, wakaamua wapokewe, ila kwa toba ya kweli, kila mmoja kwa uzito wa anguko lake. Miaka saba baadaye Kipriano mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani. Kwa hiyo rudi. Usirudi kimya kimya kama mtu aliyechelewa kipindi. Mtafute mchungaji au padre, useme lililotokea kwa jina lake.

Cha mwisho kwa leo: "Nikiwa na shaka, imani yangu inahesabika?" Yule baba aliyemleta mwanawe mwenye pepo, Marko 9, alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Bwana hakumrudisha nyumbani akaiongeze kwanza. Alimponya mtoto.

Vikaratasi vilivyobaki, vya Utatu na vya Waislamu rafiki zenu, nitavichukua Jumamosi pamoja na mchungaji wenu. Na yule aliyeandika kuhusu mchumba anayemlazimisha abatizwe upya ndipo wafunge ndoa, nakuomba tuonane pale mlangoni, na uje naye kama yuko hapa.