Fedha Zipo, Ila Zinafuata Programu: Mhadhara kwa Wazazi wa Nashville

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wa Uvira, Fizi na Bukavu, ambao shikamoo haiwaambii kitu, jambo sana. Nimefurahi kuona viti vimejaa, ingawa najua wengine mmefuata harufu ya sambusa.

Leo tunazungumza fedha za kuwapeleka chuo watoto wetu wanaojifunza polepole, na naomba nianze na neno moja. Kuna mama mmoja wa Kigoma niliyekaa naye jikoni kwake tukijaza karatasi za mwanawe. Kijana ana miaka kumi na tisa. Anapanda basi peke yake, anawajua wachezaji wote wa Simba na namba za jezi zao. Lakini kusoma ukurasa mmoja kunamla asubuhi nzima, na kuhesabu chenji kunamtoa jasho. Mkalimani wa kwenye simu akauliza, "Mwanao ana ugonjwa wa akili?" Mama akaruka: "Hapana! Mwanangu si kichaa." Hapana ikaandikwa. Hapana ile moja ilitusumbua miezi mitano.

Mkalimani ndiye aliyekosea. Ugonjwa wa akili ni habari nyingine, una madaktari wake na dawa zake. Kilichoulizwa ni ulemavu wa akili: mtu anayejifunza polepole kuliko wenzake, anayehitaji mkono katika kufikiri na kujipangia maisha, na hali hiyo imeanza tangu utotoni. Wamarekani wenyewe walikuwa na neno baya kwenye sheria zao, neno ambalo leo ni tusi la shuleni. Lilifutwa kwenye sheria za shirikisho za afya, elimu na kazi mwaka 2010, Rais Obama aliposaini sheria iliyopewa jina la Rosa Marcellino, mtoto wa Maryland mwenye Down syndrome. Sisi tunalo "zuzu", tunalo "taahira". Hayo tuyaache. Ila neno lenyewe, ulemavu wa akili, msilikwepe kwenye fomu kwa kuona haya, maana fedha ninazokuja kuzieleza zimefungwa humo.

Zamani mlango ulikuwa na kufuli mbili. Ili mwanafunzi apate msaada wa ada wa serikali kuu, ilibidi awe na diploma ya sekondari au kitu cha kulingana nayo, halafu awe anasomea shahada au cheti kinachotambulika. Watoto wetu wengi wanatoka shule na karatasi maalumu, si diploma kamili. Basi wanakwama kwenye kufuli ya kwanza, ya pili hawaifikii. Tarehe 14 Agosti 2008, Rais George W. Bush alisaini sheria ya elimu ya juu iliyozifungua zote mbili kwa wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Bila diploma, bila kusomea shahada, kijana anaweza kupata ruzuku.

Kwa sharti moja, na hapa naomba mzime simu. Awe amepokewa kwenye programu iliyoidhinishwa na Wizara ya Elimu ya Marekani kwa kazi hiyo. Zinaitwa CTP, herufi tatu. Nchi nzima kuna programu zaidi ya 300 za vyuo kwa vijana hawa, lakini si zote zina idhini hiyo. Chuo kinaweza kuwa na majengo mazuri, picha za vijana wakicheka, na walimu wenye moyo, lakini kama hakina CTP, mwanao hatapata hata senti ya Pell, ile ruzuku ya ada ya serikali kuu. Kwa hiyo mkienda kutembelea chuo, kabla ya kuuliza chakula na mabweni, ulizeni: hii ni CTP? Msiulize "mna msaada wa ada?", maana kila chuo kitajibu ndiyo, kikiwa na maana ya wanafunzi wengine.

Sheria hiyo inataka pia angalau nusu ya programu mwanafunzi awe pamoja na wenzake wasio na ulemavu, darasani au kazini. Mimi naona hicho ndicho kipengele bora kuliko vyote, lakini leo tuko kwenye fedha.

Kwenye CTP kuna mambo matatu. Kuna Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 ilifika hadi dola 7,395, kulingana na kipato na ukubwa wa familia. Kuna ruzuku ndogo ya nyongeza kwa wenye uhitaji mkubwa. Na kuna kazi za chuoni zinazolipwa kwa fedha za serikali. Mikopo ya serikali haimo. Wale mliosoma nyumbani mnalijua "bumu", mnaijua HESLB, na Wakenya mnaijua HELB, inayokufuata mpaka una mvi. Pell hairudishwi. Na mtu akikupigia simu kukupa mkopo wa benki kwa ajili ya kijana huyu, mwambie unakwenda kufikiri, kisha usipige tena.

Fomu ya kuomba fedha hizi ni ileile FAFSA ya kila mwanafunzi, na ni bure. Mwenye grinikadi anaweza kuijaza, na aliyepokelewa rasmi kama mkimbizi pia. Chuo kitataka ushahidi wa ulemavu: tathmini ya mtaalamu, au kumbukumbu za shule, au za ofisi ya serikali kama wale wanaotoa SSI, posho ya kila mwezi ya walemavu wenye kipato kidogo. Najua mkihama nyumba karatasi za IEP, ule mpango maalumu wa masomo ya mtoto wako shuleni, ndizo za kwanza kutupwa. Msizitupe.

Sasa SSI. Hapa ndipo ninapoulizwa kuliko pote, na watu wananiuliza kwa kunong'ona. Hofu ni hii: "Mwanangu akipata fedha za chuo, watamkata." SSI ya 2025 kwa mtu mmoja ilikuwa hadi dola 967 kwa mwezi, na kwa nyumba nyingi hapa hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Hofu ninaielewa. Jibu ni kwamba Pell haihesabiwi kama kipato chake. Mshahara wa kazi ile ya chuoni inayolipwa na serikali nao hauhesabiwi. Hata akipata kazi ya kawaida, mathalani kupanga bidhaa dukani, ikiwa yuko masomoni na hajafika miaka 22, kuna kiasi cha mshahara wanachomsamehe kila mwezi; kwa 2025 kilikuwa hadi dola 2,350, mradi zisivuke 9,460 kwa mwaka.

Kinachowaumiza watoto wetu ni harambee. Ndiyo, harambee! Kijana kapokewa chuo, jamaa wanafurahi, kila mtu anamtumia kwenye akaunti yake: shangazi wa Dallas 200, kanisa 1,500, kamati ya wamama 800. Mwenye SSI haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1989. Mapenzi ya jamaa yanamfungia fedha zake. Dawa ni akaunti ya ABLE, akiba maalumu kwa wenye ulemavu, hapa kwetu Tennessee inaitwa ABLE TN. Mchango uingie huko moja kwa moja, si kwake mkononi. Kwa 2025 ilipokea hadi dola 19,000 kwa mwaka, na SSI haihesabu dola 100,000 za kwanza zilizomo. Kwa hiyo mweka hazina wa mchango apewe namba ya ABLE kabla ya kadi kuchapwa.

Sisi wa Tennessee tuna bahati nyingine, tena bahati yenyewe hasa. Kuna ufadhili wa jimbo unaoitwa STEP UP, umetengwa kwa wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na fedha zake zinatoka kwenye bahati nasibu. Mchungaji anisamehe. Vanderbilt, hapa hapa mjini, walianza programu ya Next Steps mwaka 2010, ya kwanza jimboni. Lipscomb wana IDEAL, Knoxville kuna FUTURE, Memphis kuna TigerLIFE. Ofisi ya jimbo ya kuwaandaa walemavu kwa kazi nayo inaweza kulipia sehemu ya ada, lakini foleni yake mwanzeni mapema, kijana akiwa bado sekondari.

Sekondari yenyewe ina mtego. Kwa IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mtoto mwenye IEP anaweza kuhudumiwa na shule bure hata baada ya miaka 18, hadi 21. Lakini akishapokea diploma ya kawaida, haki hiyo imekwisha siku hiyohiyo. Na akiwa bado amesajiliwa sekondari, Pell hapati. Kwa hiyo hesabuni lipi litangulie. Msije kwenye kikao cha IEP cha mwezi wa tano mkasaini kwa sababu mwalimu ana haraka na joho limeshanunuliwa.

Naona baba pale nyuma kanyoosha mkono tangu zamani. Sema, mzee.

(Aliuliza: kijana wake ana miaka 24, alitoka shule bila diploma, miaka hii yote yuko nyumbani. Je, amechelewa?)

Kwa Pell hakuna umri wa kuchelewa. Programu zenyewe ndizo huweka mipaka yao, kwa hiyo uliza kila moja. Lakini mzee, kuna jambo hukulijua. Ametimiza 24 kabla ya Januari ya mwaka wa masomo anaoombea? Amezaliwa mwezi gani? Wa kumi. Basi FAFSA inamhesabu kama mtu anayejitegemea. Kipato chako wewe na mama hakiulizwi tena, zile saa zako za ziada za kiwandani haziingii humo. Njoo Jumanne na yeye mwenyewe, na hiyo bahasha ya IEP. Umesema iko chini ya kitanda?

Basi iko salama.