Ndago ya Harufu, Kisu na Ndoo

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie upandaji wa ndago ya kufukiza nyumbani, na tayari namwona mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Shikamoo mzee. Najua unachotaka kusema: ndago haipandwi, ndago inang'olewa. Nakuja huko huko.

Kwanza tuelewane ni ndago ipi. Ninayoisema ni Cyperus rotundus. Shina lake lina pembe tatu, liviringishe kati ya vidole utazisikia. Chimba, pasua tunguu, yaani kile kivimbe cha chini ya udongo, nusa. Likiwa na harufu kali, na uchungu ukiligusisha ulimi, ndilo lenyewe. Ukikuta tunguu tamu lililokaa peke yake mwishoni mwa uzi, hiyo ni ndago nyingine, Cyperus esculentus. Ya kutafuna hiyo, wala si ya kufukiza.

Sasa kisu. Kila niliposimama kuzungumza nimesema kisu, na kila nikishuka jukwaani naulizwa mbolea! Achaneni na mbolea. Matunguu ya ndago hii hayakai moja moja. Huunganishwa na nyuzi ngumu chini ya udongo, tunguu, uzi, tunguu, uzi, mnyororo mzima. Moja likishachipua, huyazuia yale mengine yasiamke. Ni kama kaka mkubwa anayejibu kila swali la mgeni, wadogo zake wakabaki kimya, ingawa wanajua majibu. Ukiufukia mnyororo mzima kwenye ndoo utapata majani mawili matatu, kisha utakuja kunilalamikia kwamba mbegu ilikuwa mbovu. Kata nyuzi! Kila tunguu likibaki peke yake, linaamka.

Mzee wangu, hapo ndipo nakujibu. Jembe lako hufanya kazi gani shambani? Hukata nyuzi. Kila ukipalilia unaikatakata minyororo na kuyaamsha yaliyolala, halafu wiki mbili baadaye unashangaa imeota maradufu. Wewe ni mkulima hodari wa ndago kuliko mimi, tena hulipwi. Kwa hiyo usiniambie nawafundisha watu kueneza gugu. Mimi nawafundisha kulifungia.

Na tunguu lenyewe je, nalo tulipasue vipande? Sipendi. Lina macho kadhaa, ni kweli, lakini chipukizi huanza maisha kwa chakula kilichomo ndani, na kidonda huoza. Na mbegu za kwenye suke? Jamani, mbegu za ndago hii huota kwa nadra sana. Msipoteze msimu.

Fukia kila tunguu kina cha vidole viwili hivi, kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Inataka joto: nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi ndizo zake, na chini ya 10 haiamki, inakusubiri tu. Inataka jua pia. Ukiiweka kivulini inadhoofika, kwa hiyo msiniletee habari za pembe ya sebule.

Chombo kiwe ndoo ngumu au chungu cha udongo. Narudia, ngumu. Ncha ya chipukizi la ndago ni kali kama msumari na hutoboa karatasi ya nailoni iliyotandazwa shambani, sembuse mfuko wako wa miche. Tena chombo kisikae juu ya ardhi. Kiinue juu ya matofali, ukague matundu ya chini mara kwa mara, na uzi ukichungulia, ukate. Ukiiachia bustani, mimi sikujui.

Naoneshwa saa. Haya, haraka haraka. Majani yakianza kuwa ya njano, mwaga ndoo yote kwenye turubai, chambua. Ya kupanda tena yafunike kwa mchanga wenye unyevu, maana tunguu likikauka kabisa limekufa. Ya kufukiza yaoshe, chomoa mizizi, katakata, anika kivulini. Yaliyobaki usiyatupe jalalani! Yaanike juu ya bati, jua kali, mpaka yawe magumu kama kokoto.

Na msidhani haya ya kufukiza nimeyatunga. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alipoeleza viungo vya kyphi, ubani wa Wamisri wa kale, aliitaja jamii hii ya ndago pamoja na asali, divai, zabibu na manemane. India hadi leo matunguu hukamuliwa mafuta ya manukato.

Nilitaka pia kuwaeleza ile ya majini, Cyperus articulatus, ndefu, shina la mviringo, harufu yake tamu zaidi. Hiyo weka chungu ndani ya beseni la maji, na ikijaa gawa shina lake la chini vipande vyenye chipukizi. Mengine tutayamalizia nje, mwenye ukumbi anataka kufunga. Mzee, wewe nisubiri mlangoni, na kama una matunguu shambani, niletee.