Haa, Kaaf, Miim: Kutoka Lijamu ya Farasi Hadi Rimoti ya Kiyoyozi

Assalaam aleikum, hamjambo ndugu zangu. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar, Bujumbura, popote mnaponitazama, nawasalimu kutoka Muscat. Leo siendi sokoni wala sipiki. Nimekaa chini kabisa, na mkononi nimeshika hii hapa. Mnaiona? Rimoti ya kiyoyozi. Kiangazi cha huku, bila hii mtu halali. Sasa tazameni karatasi ya maelezo iliyokuja nayo. Pameandikwa kwa Kiarabu: jihaaz at-tahakkum. Jihaaz ni chombo. Hilo la pili, tahakkum, ndilo lililonikalisha kitako leo, kwa sababu humo ndani wamo hakimu, mahakama, hukumu na hekima. Ukoo mzima.

Sikilizeni konsonanti zake. Haa, kaaf, miim. Hakimu: haa, kaaf, miim. Hukumu: hizohizo. Hekima, hizohizo. Mahakama ina miim ya ziada mbele, lakini ukiiondoa unabaki na tatu zilezile.

Sisi Waswahili tunajenga neno kwa kuongeza mbele na nyuma. Piga, pigana, pigia, pigwa, mpigaji, kipigo. Ile "pig" ya katikati imetulia, haiguswi. Mwarabu kazi yake anaifanya ndani ya neno lenyewe. Ana konsonanti zake, aghalabu tatu, na hizo hazitikisiki. Kinachobadilika ni irabu zinazopita katikati, na hapa na pale anachomeka herufi. Na habahatishi, kuna mizani. Akitaka mtenda, anavuta irabu ya kwanza: haakim, anayehukumu, kaatib, anayeandika, ambaye kwetu ndiye katibu. Akitaka mahali, anaanza na ma: mahkama, maktaba. Akitaka aliyetendewa: mahkuum, aliyehukumiwa, maktuub, kilichoandikwa. Mtoto wa hapa akilisikia neno ambalo hajawahi kulisikia, lakini mzizi anaujua na mizani anaijua, nusu ya maana ameshaipata.

Ndiyo maana ukifungua kamusi nyingi za Kiarabu ukatafuta mahkama kwenye herufi miim, utahangaika. Nenda kwenye haa. Maktaba nayo iko kwenye kaaf. Maneno yamepangwa kwa mizizi, jamaa wote pamoja. Na hapa niwape jambo ambalo watu wa Oman wanajivunia, na wana haki ya kujivunia. Aliyeasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitaab al-Ayn, katika karne ya 8, ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman ingawa alisomesha Basra, Iraq. Alipanga herufi kwa mahali zinapotokea kinywani, akaanzia ndani kooni na kutoka nje hadi midomoni. Halafu akachukua kila mzizi na kuupindua kila namna inavyowezekana, haa-kaaf-miim, kaaf-miim-haa, miim-haa-kaaf, aone upi Waarabu wanautumia na upi hawautumii. Akili gani hiyo! Na ndiye huyuhuyu aliyeweka elimu ya mizani ya ushairi na bahari zake. Washairi wetu wanaposema "bahari za ushairi", neno hilo linatoka kwenye elimu aliyoianzisha yeye.

Haya, turudi kwenye haa, kaaf, miim. Hizi tatu zenyewe, kabla hazijavikwa irabu, zina maana gani?

Ibn Faris, mwanalugha aliyefariki mwaka 1004, aliandika kamusi akitafuta shina la maana la kila mzizi. Alipofika hapa akasema shina ni moja tu: kuzuia. Hukumu, anasema, ni kuzuia dhuluma. Kisha akataja kitu ambacho sikukitarajia kabisa. Akataja hakama.

Hakama ni sehemu ya lijamu, ile inayomshika farasi pale tayani ili asimtoroke mpandaji. Nilimuuliza jirani yangu, mzee wa hapa aliyekulia Pemba, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamwambia, "Ami, hakama ni nini?" Hakunijibu kwa maneno. Alijishika chini ya taya kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta kichwa chake mwenyewe nyuma kidogo. Kisha akaniambia, "Hivi, mwanangu. Farasi ana nguvu kukushinda, basi unamshika hapa."

Hilo ndilo shina. Kushika kile chenye nguvu kabla hakijakimbia. Tangu siku ile siwezi tena kulisikia neno hekima kama nilivyokuwa nikilisikia. Hekima nilikuwa nikiidhani ni ujuzi mwingi, mtu kusoma sana, kuishi sana. Kwa Waarabu wa kale hekima ni kinachomzuia mtu asitende ujinga. Mwenye hekima ana kitu kinachomshika. Kuna ubeti wa Jarir, mshairi wa enzi ya Banu Umayya, ukoo uliotawala dola ya Kiislamu karne ya 7 na ya 8, anawaambia kabila la Banu Hanifa: wazuieni wapumbavu wenu, maana nachelea nisije nikawakasirikia. Kitenzi alichotumia pale kwenye "wazuieni" ni ahkimuu. Mzizi huohuo, na hapo hakuna mahakama wala kesi. Kuna ulimi wa mshairi na watu wanaoonywa wawatie wenzao lijamu.

Na sisi Kiswahili chetu mbona kinasema jambo hilohilo! Mtu akipata madaraka tunasema ameshika hatamu. Wazee wa Tanzania wa enzi za chama kimoja wanaikumbuka kauli ya "chama kushika hatamu". Hatamu imetoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu, khitaam, kamba anayoongozewa ngamia. Lakini wazo ni lilelile: kutawala ni kushika kamba ya mnyama mwenye nguvu kuliko wewe.

Sasa tuwapitie jamaa wenyewe, wapo wengi, na wengine hawajawahi kuvuka bahari kuja kwetu.

Tuanze na hakimu, kwa sababu hapa mtu wa kwetu anaweza kupotea. Tanzania hakimu yuko Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, na ukifika Mahakama Kuu unamkuta jaji. Huku Oman jengo linaitwa mahkama kweli, ukipita utaona al-Mahkama al-Ibtidaaiyya, mahakama ya mwanzo, na waliosoma chuo cha Qurani neno ibtidai wanalifahamu. Lakini anayekaa mle ndani ni qaadhi, kadhi. Na haakim? Haakim katika nchi hizi za Ghuba ni mtawala. Haakim wa Dubai, haakim wa Sharjah. Kwa hiyo ukimwambia mtu hapa kwamba jana ulisimamishwa mbele ya haakim, atataka kujua umekutana vipi na mtu mkubwa hivyo. Serikali ni hukuuma, mzizi uleule. Sisi hatukulichukua hilo, tukachukua la Waajemi, sarkaar, tukapata serikali.

Sasa ondoa mvuto kwenye irabu ya kwanza uuhamishie kwenye ya pili: hakiim. Huyu ni mwenye hekima, na Al-Hakiim ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, ndiyo kina Abdulhakim wetu wote. Ukienda Syria au Lebanon, hakiim ni daktari. Mgonjwa anamwita hivyo kwa heshima. Na ina sababu: zama za Ibn Sina, karne ya 10 na ya 11, tabibu na mwanafalsafa alikuwa mtu mmoja. Kiswahili hakitofautishi irabu ndefu na fupi kama Kiarabu, kwa hiyo haakim na hakiim wote wakifika pwani yetu wanakuwa Hakimu. Mmoja anatawala, mwingine anatibu.

Fupisha zote mbili, na ile i uifanye a: hakam. Huyu mnamjua hata kama hamjui kwamba mnamjua. Ukiangalia mpira kwa utangazaji wa Kiarabu, penalti ikikataliwa utasikia mkahawa mzima unapiga kelele, "Yaa hakam!" Ni refa. Lakini kabla ya filimbi na kadi, hakam ni msuluhishi. Kwenye Surat an-Nisaa, aya ya 35, mume na mke wakiogopewa kuachana, inaagizwa atumwe hakam kutoka kwa jamaa za mume na hakam kutoka kwa jamaa za mke. Mambo haya kwetu yapo, nani hajaona wazee wa pande mbili wameketi barazani tangu alasiri, chai imepoa, wanatafuta neno la kuwaambia wale wawili? Wale wazee ndio hakam. Na refa ukimtazama vizuri naye yupo katikati ya pande mbili, anazuia.

Kitendo cha kusuluhisha ni tahkiim, na neno hilo limetikisa historia. Mwaka 657 kwenye vita vya Siffin, kati ya jeshi la Sayyidna Ali, khalifa wa nne, na la Muawiya, liwali wa Sham, waliteuliwa wasuluhishi wawili, Abu Musa al-Ashari na Amr bin al-As. Kundi katika jeshi la Ali likajitenga likisema laa hukma illaa lillaah, hakuna hukumu isipokuwa ya Mwenyezi Mungu. Wakaitwa al-Muhakkima. Kwa hiyo tahkiim waliyoikataa, hukumu waliyoidai na jina walilopewa vyote ni haa, kaaf, miim. Watu wametofautiana, na damu imemwagika, ndani ya mzizi mmoja.

Siku hizi tahkiim imetulia. Kwenye mashindano ya Qurani au ya ushairi, wale majaji mezani ni lajnat at-tahkiim. Jarida la chuo kikuu ambalo makala zake hupimwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa linaitwa muhakkama. Ukinunua chupa ya dawa, kwenye lebo kuna maagizo ya kuifunga bi-ihkaam, yaani uikaze kifuniko barabara, kisivuje kitu. Ngome na mahandaki ya vita ni istihkaamaat. Na hii rimoti sasa imeeleweka: tahakkum ni kukiweka kitu chini ya mkono wako, kikawaka na kuzimika utakavyo.

Waliopita chuoni utotoni, haya mmeyasoma kabla hamjajua kuandika. "Yaasiin. Wal Qur-aanil hakiim." Kila khitma, kila msiba. Na mwisho wa Surat at-Tiin: "Aleysallaahu bi-ahkamil haakimiin." Mwaona? Ahkam na haakimiin, maneno mawili ya mzizi mmoja yamefuatana, ahkam likiwa "aliye zaidi ya wote katika kuhukumu" na haakimiin "wenye kuhukumu". Mimi niliisoma aya hiyo kwa sauti ya kuimba, tukipokezana na wenzangu, na nilikuwa naipenda kwa mlio wake. Leo naipenda mara mbili. Na ndugu zangu Wakristo, neno ni lenu pia. Mithali 9 inasema kumcha Bwana ni mwanzo wa hekima. Watanzania sote tukisimama kuimba wimbo wa taifa, ngao ya kwanza tunayoitaja ni hekima, kabla ya umoja na amani.

Kabla sijawaacha, tahadhari moja, kwa sababu najua kuna watakaochangamka na kuanza kuunganisha kila kinachofanana. Haki si ndugu wa hakimu. Najua inauma, wawili hawa tunawaona pamoja kila siku. Lakini haki ina qaaf, ile k ya nyuma kabisa kooni: haa, qaaf, qaaf. Hakimu ana kaaf ya kawaida. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanazitamka sawasawa, basi tumedhani ni damu moja. Upande wa haki wamo hakika, uhakika na mhakiki. Hekaya nayo ina mzizi wake, haa, kaaf, yaa, wa kusimulia. Mkitaka kujua nani ni ndugu wa nani, muulizeni mtu aliyesoma Kiarabu alitamke neno polepole, na sikio lisikilize hiyo k inatokea wapi.

Haki na jamaa zake wanastahili kikao chao peke yao, na inshallah video ijayo ni yao. Mwenye neno la nyumbani analodhani lina haa, kaaf, miim na sikulitaja, aniandikie hapo chini, na aandike pia kwao linatamkwaje. Nisalimieni wazee. Kwaherini.